Somo la Saba: Kipofu, Karatasi na Kufuli

 Msomaji uliyeipata karatasi hii baada ya kulisikia somo katika redio, au pengine hukulisikia kwa sababu betri zilikwisha, karibu. Yaliyosemwa hewani yamechapwa hapa ili uyasome polepole, na ukipenda umsomee jirani.

Tuanze kwa mfano. Karani mmoja kipofu ameketi ofisini mbele ya kompyuta. Masikioni ametia vipokea sauti. Ndani ya kompyuta yake mna programu inayosema kwa sauti maneno yaliyoandikwa kwenye skrini. Programu ya namna hii huitwa kisoma-skrini. Leo ametumiwa jedwali la hesabu kutoka ofisi kuu. Anabonyeza kitufe cha mshale, anasikia: "Tupu." Anabonyeza tena: "Tupu." Mara ya tatu: "Tupu." Mwenzake aliyeketi kando yake analitazama jedwali lilelile, naye anaona vichwa vya safu, tarehe, maelezo na kiasi cha fedha, vyote vimepangwa vizuri. Jedwali ni moja. Lakini mmoja amepewa jedwali zima na mwingine amepewa mashimo.

Kisa ni nini? Jedwali limefungwa kwa kufuli. Aliyelifunga hakuwa na nia ya kumzuia karani huyu asisome. Alitaka watu wasiharibu hesabu zake, basi. Lakini kufuli alilolikusudia mkono unaobadilisha limeangukia sikio linalosoma.

Hayo ndiyo mambo ya somo letu la leo. Utaona kwamba si mapya. Kwa miaka mia mbili, kila mara kipofu alipofunguliwa mlango wa maandishi, alitokea mtu, mara nyingi mtu mwema, akaufunga bila kufikiri. Utaona pia jinsi mlango ulivyofunguliwa tena.

NUKTA SITA

Twende kwanza Paris, mji mkuu wa Ufaransa. Huko, katika miaka ya 1780, Valentin Haüy alianzisha shule ya vipofu. Alichapa vitabu vyenye herufi za kawaida zilizoinuliwa juu ya karatasi, ili mwanafunzi azipapase kwa vidole. Vitabu hivyo vilikuwa vizito, na kusoma kwenyewe kulikuwa kwa taabu, kwa maana umbo la herufi limetengenezwa kwa ajili ya jicho, si kwa ajili ya kidole. Tena mwanafunzi hakuweza kuandika kwa njia ile. Alipewa kusoma, hakupewa kalamu.

Mwaka 1819 aliingia shuleni hapo mtoto wa miaka kumi, jina lake Louis Braille. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi katika kijiji cha Coupvray. Mtoto alipokuwa na miaka mitatu alichezea kifaa chenye ncha kali katika karakana ya baba yake, akajichoma jicho. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, akawa kipofu kabisa. Mwaka 1821 shule ililetewa maandishi ya nukta yaliyobuniwa na Charles Barbier, mtu aliyepata kuwa askari. Kila alama yake iliweza kuwa na nukta 12, nyingi mno kwa ncha moja ya kidole. Kijana Braille alizipunguza hadi sita. Alipofika umri wa miaka 15, mwaka 1824, kazi yake kubwa ilikuwa imekwisha, na mwaka 1829 ikachapwa. Kwa nukta sita waweza kufanya alama 63, nazo zatosha herufi, tarakimu, hata muziki.

Je, unadhani walimu walishangilia? La. Mwaka 1840 shule ilipata mkuu mpya, Dufau, naye aliyapiga marufuku maandishi hayo. Walimu wenye macho hawakuweza kuyasoma, na wengi waliona kwamba maandishi ya peke yao yangewatenga vipofu na watu wengine. Hakuna aliyesema, "Nawachukia vipofu." Walisema, "Twawalinda." Wanafunzi waliendelea kuyatumia kwa siri, na mwaka 1844 marufuku ikalegezwa. Shule iliyakubali rasmi mwaka 1854. Braille mwenyewe alikuwa amekufa miaka miwili kabla, mwaka 1852.

Shika neno hilo, "twawalinda," kwa maana tutakutana nalo tena.

TAIPURETA NA BARUA ISIYOSOMEKA

Sasa tuingie ofisini. Wengi hudhani kwamba taipureta ilibuniwa kwa ajili ya makarani wenye macho wanaofanya haraka. Lakini mojawapo ya mashine za kwanza kabisa tunazozijua ilitengenezwa na Mwitaliano Pellegrino Turri, yapata mwaka 1808, kwa ajili ya bibi mmoja wa ukoo mkubwa, Carolina Fantoni, aliyekuwa kipofu. Alitaka bibi huyo aweze kuandika barua zake mwenyewe pasipo kumwambia karani siri zake. Barua zake kadhaa zingalipo hata leo.

Angalia basi. Mashine ya ofisini ilianza kama msaada wa kipofu, na sababu yake ilikuwa kutunza siri. Lakini ilifungua nusu ya mlango tu. Kipofu aliweza kupiga chapa barua nzuri, ila hakuweza kuisoma tena, wala kulisoma jibu lililokuja. Wakati wa taipureta vipofu wengi katika nchi mbalimbali walifanya kazi ya kupiga chapa maneno waliyoyasikiliza kutoka kwenye mashine za sauti. Kazi ikiisha, mwenye macho ndiye aliyetazama kama pana kosa.

MASHINE INAYOSEMA

Kompyuta ndogo ya IBM ilipotoka mwaka 1981, jambo kubwa lilitokea karibu kwa bahati. Skrini yake ilikuwa na mistari 25, na kila mstari ulikuwa na nafasi 80 za herufi. Herufi hizo zilikaa katika kumbukumbu ya mashine kwa mpango, kila moja mahali pake, kama wanafunzi waliopangwa mistarini uwanjani. Programu ilihitaji tu kupita mistarini, kusoma kila herufi, na kuipeleka kwenye chombo cha kutoa sauti.

Huko IBM, Jim Thatcher, mwanahisabati, alishirikiana na mwenzake kipofu, Jesse Wright, kutengeneza programu ya namna hiyo katika miaka ya 1980. Mtu mwingine ni Ted Henter wa Marekani. Huyu alikuwa akishindana katika mbio za pikipiki, na mwaka 1978 alipoteza macho katika ajali ya gari. Akajifunza kazi ya kompyuta. Mwaka 1987 yeye na Bill Joyce walianzisha kampuni, na mwaka 1989 wakatoa kisoma-skrini kilichoitwa JAWS. Kwa mara ya kwanza karani kipofu aliweza kuandika barua, kuisoma mwenyewe, kusahihisha kosa na kujumlisha hesabu, bila kumwita mtu.

Furaha hiyo haikudumu. Mtindo wa kompyuta ulibadilika. Mwaka 1984 Apple ilileta Macintosh, na mwaka 1990 Windows 3.0 ya Microsoft ikaenea maofisini. Sasa skrini haikuwa tena mistari ya herufi, ilikuwa picha. Kwa jicho, herufi A ni herufi A. Kwa mashine, ilikuwa vitone vyeusi juu ya vitone vyeupe. Wanafunzi wa uwanjani walikuwa wameondolewa, ikawekwa picha yao ukutani. Vipofu wengi waliokuwa na kazi waliogopa kuzipoteza, na haikuwa hofu ya bure.

Mafundi walihangaika miaka kadhaa. Walitega programu zao pale ambapo Windows hupokea amri ya kuandika maneno, wakayadaka maneno kabla hayajageuka picha. JAWS ya Windows ilitoka mwaka 1995. Mwaka 1997 Microsoft ilitoa utaratibu wa kuziwezesha programu kujitambulisha: "Mimi ni kitufe," "mimi ni orodha." Na kwa Word na Excel visoma-skrini vilipata mlango wa ndani: badala ya kuitazama picha, viliiuliza programu yenyewe, "Kisanduku hiki kina nini? Safu yake yaitwaje?" nayo ikajibu.

Mlango huo wa ndani ndio roho ya somo letu. Kwa maana ndio huohuo unaoweza kutumiwa na anayetaka kunakili hati nzima. Na mlango ambao mwizi aweza kuupitia, mwenye nyumba huutia kufuli.

MAKUFULI YA NAMNA TATU

Msomaji wangu, watu husema "hati imefungwa" kana kwamba kufuli ni moja. Tuyatenganishe.

La kwanza ni neno la siri la kufungulia. Hili halimdhuru kipofu. Akiwa nalo huliandika, hati hufunguka, husoma kama mwingine yeyote.

La pili ni kufuli la kuzuia kubadilisha. Katika Excel, mtengenezaji wa jedwali hufunga visanduku vyenye vichwa, maelezo na hesabu, akaacha wazi vile vya kujazwa. Hapo pana ruhusa mbili ndogo: kufika kwenye visanduku vilivyofungwa, na kufika kwenye vilivyo wazi. Excel yenyewe huziruhusu zote mbili. Lakini wako watu wanaoiondoa ile ya kwanza ili mshale urukie penye kujazwa tu. Mwenye macho hapotezi kitu, kwa sababu jicho halihitaji ruhusa ya kufika. Latazama kutoka mbali. Kipofu husoma kwa kufika. Kisanduku asichoweza kukifikia kwake hakipo. Ndiyo sababu karani wetu alisikia "tupu, tupu, tupu": alirushwa kutoka shimo hadi shimo, na maneno yaliyoeleza kila shimo ni la nini yalikuwa nyuma ya kufuli.

Fomu za Word zilizofungwa kwa kujazwa tu zina ugonjwa huohuo. Kielekezi huruka kutoka nafasi hadi nafasi. Kipofu husikia kwamba pana mahali pa kuandika, lakini hasikii swali. Aandike jina lake? Umri? Jina la mama yake? Ni kama mtu anayehojiwa na hakimu ambaye hatoi sauti.

La tatu ni kufuli la kuzuia kunakili. Hapa mashine huulizwa: je, programu nyingine yaweza kuyachukua maneno ya hati hii? Aliyeifunga husema hapana, akimfikiria mwizi. Lakini kisoma-skrini nacho ni programu nyingine, nacho huyachukua maneno, ingawa huyachukua ili kuyatia sikioni tu. Kufuli halijui tofauti kati ya kusoma na kuiba.

RUHUSA MOJA YAGAWANYWA MBILI

Tazama sasa jinsi kosa hilo lilivyosahihishwa, maana historia hii ina upande wa kututia moyo.

Mwaka 1993 kampuni ya Adobe ilitoa hati za PDF, ambazo leo zimejaa kila ofisi. Katika makufuli yake ya mwanzo, ruhusa ya kunakili na ruhusa ya kutoa maneno kwa ajili ya wasioona zilikuwa kitu kimoja. Aliyekataza moja alikataza zote. Mwaka 2001 ruhusa hiyo iligawanywa: mtu aliweza kukataza kunakili na bado akakiruhusu kisoma-skrini kisome. Ilikuwa hatua njema, lakini bado mwenye hati aliweza kuiondoa ruhusa ya pili pia. Miaka mingi ikapita. Mwaka 2017 kanuni mpya ya kimataifa ya PDF, toleo la pili, ilikata shauri: ruhusa ya wasioona isitumiwe tena kama kufuli. Programu za kusomea zisiitazame, na programu za kutengeneza hati ziiache wazi daima. Kutoka 1993 hadi 2017 ni miaka 24. Katika muda huo mtoto huzaliwa, husoma na hutafuta kazi.

Microsoft nayo, katika Office ya mwaka 2003, ilileta kufuli linalofuata hati kila iendako: nani aisome, nani aichape, hadi lini. Ndani yake palikuwa na ruhusa ya peke yake ya kuziachia programu zifikie maneno ya hati. Aliyesahau kuitoa alimnyima kipofu bila kujua. Tena, toka Office ya mwaka 2010, hati iliyotoka nje ya ofisi hufunguliwa kwanza kama mgonjwa aliyetengwa, ili isilete virusi vya kompyuta. Katika hali hiyo mlango wa ndani hufungwa, na kisoma-skrini kimekuwa kikibabaika mpaka msomaji aruhusu kuhariri. Mtu mwenye macho aweza kuitazama kwanza hati anayoitilia shaka, ndipo aamue. Kipofu alilazimika kuiamini kwanza ndipo aisome.

Vita hivyo vilipiganwa hata kwenye vitabu. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1998 ilikataza kuvunja makufuli ya vitabu vya kompyuta. Mwaka 2003 serikali ya huko ilitoa ruhusa ya pekee: ikiwa kila toleo la kompyuta la kitabu limezuia kusomwa kwa sauti, mtu aweza kulipita kufuli lake. Mwaka 2009 chombo cha kusomea vitabu cha Amazon kilianza kusoma kwa sauti. Chama cha waandishi wa huko kikalalamika, na Amazon ikawaachia wenye haki wazime sauti ya kitabu wakitaka. Mwezi wa Aprili mwaka huohuo wasioona na wenzao waliandamana mjini New York. Kisha, tarehe 27 Juni 2013, mataifa yaliafikiana mjini Marrakesh, Morocco, juu ya mkataba wa kuwafungulia wasioona vitabu vilivyochapwa. Ulianza kutumika mwaka 2016. Kenya iliingia mwaka 2017 na Uganda mwaka 2018.

Lakini kumbuka, mkataba ule ni wa vitabu. Hakuna mjumbe aliyesafiri hadi Marrakesh kuzungumza habari za jedwali la malipo la ofisi yako. Hilo limeachwa mikononi mwako.

SIRI YA NANI?

Hapa tusimame kidogo. Pengine wasema, "Akishindwa, si amwombe jirani amsomee?" Naam, jirani atamsomea. Lakini fikiri ni hati zipi zinazofungwa. Hufungwa karatasi ya mshahara. Hufungwa barua ya daktari, barua ya onyo, fomu ya kuomba kazi, hesabu ya mkopo. Hufungwa kwa sababu ni siri. Basi kipofu, ili aisome siri yake, humwita mtu wa tatu. Jirani sasa anajua mshahara wake, deni lake na ugonjwa wake. Kufuli lililowekwa kutunza siri ndilo lililoitoa nje. Bibi Carolina alitengenezewa mashine yapata mwaka 1808 ili aepukane na jambo hilo hilo.

Tena si heshima tu, ni chakula. Mtu hufanyiwa mtihani wa kazi katika jedwali lililofungwa. Asipoweza kulisoma huandikwa kwamba kazi haiwezi. Hakuna anayeandika kwamba jedwali ndilo lililoshindwa.

Wengine husema kwamba vyombo hivi ni ghali, si vya nchi zetu. Zamani ilikuwa kweli. Lakini mwaka 2006 kijana mmoja kipofu wa Australia, Michael Curran, alianza kutengeneza kisoma-skrini cha kutolewa bure, NVDA. Baadaye James Teh, kipofu pia, akaungana naye. Hakiuzwi, yeyote aweza kukichukua. Huja pamoja na sauti ya eSpeak, nayo hujua kusoma Kiswahili. Sauti yenyewe ni kavu kama debe, lakini "ng'ombe" husema ng'ombe. Kwa hiyo kilichobaki kumzuia karani wetu si bei. Ni alama ndogo aliyoiondoa mwenzake bila kufikiri.

KAZI YAKO WEWE

Kama wewe ni karani, mwalimu au katibu wa chama cha ushirika, na huandika hati za wengine, shika mambo haya machache.

Kwanza, ufungapo jedwali la Excel, ziache zote mbili zile ruhusa za kufika kwenye visanduku. Hesabu zako zitabaki salama. Kufika si kubadilisha.

Pili, katika fomu ya Word iliyofungwa, andika swali ndani ya maelezo ya msaada ya kila nafasi, ili kisoma-skrini kilitamke. Ukishindwa, mpelekee asiyeona nakala isiyofungwa.

Tatu, ukiifunga PDF, hakikisha ruhusa ya visoma-skrini imeachwa wazi. Na usipige picha ya karatasi ukaituma kama hati. Picha haina kufuli, lakini haina maneno pia. Kisoma-skrini hakikuti cha kusoma mpaka picha igeuzwe maandishi.

Nne, na hili lashinda yote: mwulize mtu mwenyewe. Kabla hujamtumia kila mtu hati, mpe mmoja asiyeona ajaribu. Kwa dakika tano atakuonyesha usichoweza kukiona kwa macho yako mawili.

Nawe usiyeona unayesikiliza, usiseme "mimi sijui kompyuta" kila usikiapo "tupu." Huenda unajua sana. Mwambie aliyekutumia: hati yako imefungwa kusoma, nifungulie kusoma, kubadilisha ufunge.

Kwa maneno hayo machache yale ya Paris na yale ya ofisini hukutana. Mkuu wa shule mwaka 1840 alisema anawalinda wanafunzi. Mwenye jedwali leo husema analinda hesabu. Kulinda si kosa. Kosa ni kutouliza nani amebaki nje ya mlango uliofungwa.

MASWALI KWA VIKUNDI VYA WASIKILIZAJI

1. Kwa nini walimu wenye macho waliyakataa maandishi ya nukta sita? Je, mmepata kuona jambo kama hilo hapa kwenu?

2. Elezeni makufuli matatu ya hati. Lipi halimdhuru asiyeona, na kwa nini?

3. Mtu amwombapo jirani amsomee karatasi ya mshahara, anapoteza nini?

4. Chukueni fomu moja itumikayo katika ofisi ya karibu. Mmoja wenu afumbe macho, mwingine amsomee nafasi za kujaza tu, bila maswali. Je, anaweza kuijaza?

Jibuni kwanza mkiwa pamoja, kisha mwandishi wa kikundi aandike yale mliyokubaliana. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutazungumza habari za simu na jinsi ilivyofika vijijini. Mpaka hapo, kwaherini.